Tovuti ya kuchangisha fedha za hisani: anzia kwenye ripoti ya mwisho

Mtu anayejua kutengeneza tovuti akiguswa na shida ya wenzake, hukimbilia kompyuta. Atachagua rangi, atachora nembo, atatafuta picha ya kuwaliza watu, na usiku uleule ukurasa uko hewani na kitufe kikubwa cha "Changia". Asubuhi anaulizwa: fedha zikizidi lengo mtazipeleka wapi? Hana jibu. Hapo minong'ono huanza, na hakuna rangi wala nembo itakayoizima.

Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Unaanza na ukurasa ambao wengi huuandika mwishoni wakiwa wamechoka, au hawauandiki kabisa: ripoti ya jinsi fedha zilivyotumika. Ukishaupata huo, kurasa nyingine karibu zinajiandika.

Hatua ya 1: Andika ripoti kabla hujaomba chochote

Fungua waraka mtupu, uandike kana kwamba mchango umeshafungwa. "Tulipokea kiasi fulani kutoka kwa watu kadhaa. Makato ya huduma ya malipo yalikuwa haya. Tulinunua vitabu hivi kwa ajili ya maktaba ya shule, stakabadhi ni hizi. Aliyepokea ni huyu. Kilichobaki ni hiki, na kimepelekwa hapa." Acha mapengo pale usipojua tarakimu. Mapengo ya tarakimu si tatizo. Mapengo ya watu ndiyo ya kuogopa: nani anapokea fedha, nani anaidhinisha matumizi, nani ananunua, nani anakagua stakabadhi. Kama majibu yote manne ni jina lako, simama kwanza utafute mwenzako.

Ikiwa unachangisha kwa niaba ya taasisi iliyokwisha sajiliwa, omba ridhaa yao kwa maandishi, uulize pia wana masharti gani kuhusu matumizi ya jina na nembo yao. Kisha uliza swali la thamani zaidi: je, fedha zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti yao bila kupita kwako? Jibu likiwa ndiyo, lishike kwa mikono miwili. Kazi yako inabaki kutangaza na kueleza, na mzigo wa kutunza fedha unabaki kwa waliouzoea.

Ikiwa lazima fedha zipite mikononi mwenu, fungueni akaunti ya mradi peke yake, yenye watia saini wawili wasio mke na mume wala ndugu wa tumbo moja. Usitumie akaunti unayolipia umeme wa nyumbani, hata kwa wiki moja. Nchi nyingi zina sheria za kuchangisha umma; kwingine unahitaji kibali, kwingine usajili, kwingine kuna suala la kodi. Ulizia kwa mamlaka husika kabla ya kutangaza, kwa sababu baada ya kutangaza swali hilo huulizwa na wengine.

Kuna mfano unaojulikana sana. Mwaka 2020 huko Uingereza, mzee Tom Moore, askari mstaafu wa Vita vya Pili vya Dunia aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 100, aliamua kuizunguka bustani yake kwa miguu mara 100 akijishikiza kwenye kigari cha kumsaidia kutembea. Lengo lilikuwa pauni 1,000. Zilipatikana zaidi ya milioni 32, zikaenda kwa NHS Charities Together, shirika la hisani la kusaidia huduma ya afya ya umma, na njia yake ilikuwa nyoofu. Baadaye ukaanzishwa mfuko wa hisani uliobeba jina lake. Tume inayosimamia mashirika ya hisani ya England na Wales iliuchunguza mfuko huo, na ripoti yake ya Novemba 2024 ilisema kulikuwa na utovu wa maadili na usimamizi mbovu, pamoja na kuchanganya maslahi binafsi na ya mfuko. Mchango ule wa kwanza haukuguswa na uchunguzi huo. Jina ni lilelile, mapenzi ya watu ni yaleyale. Kilichotofautisha ni mipaka ya fedha.

Kabla ya kuondoka hatua hii, andika sentensi tatu na uzihifadhi: fedha zikizidi, tutafanya hivi, zikipungua, tutafanya hivi, mradi ukikwama kabisa, tutafanya hivi. Zitapanda hewani kama zilivyo.

Hatua ya 2: Vunja lengo vipandevipande

Lengo moja kubwa halimwambii mtu kitu. Lichanganue: vitabu kiasi gani, rafu kiasi gani, usafiri kiasi gani, makato kiasi gani. Usifiche makato. Huduma nyingi za malipo hukata asilimia fulani pamoja na kiasi kisichobadilika kwa kila muamala, na hicho kisichobadilika ndicho huumiza michango midogo: mtu akitoa kidogo sana, sehemu kubwa inaishia njiani. Soma jedwali la makato la huduma unayokusudia kuitumia, ukokotoe kwa mchango mdogo, wa kati na mkubwa, ndipo uamue kiwango cha chini cha kupokea. Ukitaka kumpa mchangiaji nafasi ya kubeba makato mwenyewe, mpe, ila kisanduku hicho kisiwe kimetiwa tiki tangu mwanzo. Mtu akigundua amekatwa asichokubali, hutampata tena.

Pia gawa lengo katika ngazi. "Ngazi ya kwanza inatosha vitabu vya darasa moja" ni maneno yanayokuwezesha kuanza kazi hata kama lengo zima halikutimia, na yanakupa cha kuonyesha mapema.

Hatua ya 3: Hadithi, na mipaka yake

Watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha mwaka 2007 majaribio yaliyogusa jambo hili hasa. Washiriki waliokuwa na dola 5 walipoombwa kuchangia, waliosoma habari za msichana mmoja mwenye jina na picha walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14. Waliopewa vyote viwili pamoja, msichana na takwimu, walitoa dola 1.43. Yaani takwimu hazikuongeza uzito, zilipunguza.

Kwa anayetengeneza ukurasa, maana yake ni kwamba mtu mmoja akae juu na takwimu zishuke chini, kwenye sehemu ya wanaotaka kuchimba. Lakini matokeo hayo hayakupi ruhusa ya kumwanika mtoto wa mtu. Picha ikishapanda mtandaoni hairudi, na mtoto huyo atakuja kuwa mtu mzima anayetafuta kazi, na jina lake likitafutwa inatokea sura yake ikilia. Omba ridhaa ya mhusika, na ya mzazi au mlezi kama ni mtoto, ukimwonyesha ukurasa wenyewe jinsi utakavyokuwa. Badilisha jina, useme wazi kwamba umelibadilisha. Ondoa taarifa zilizojificha ndani ya faili la picha, kwani simu nyingi huandika humo mahali picha ilipopigwa. Na mimi nashikilia hivi: mpige picha mtu akiwa anafanya jambo, si akiwa amekaa akingoja kuhurumiwa. Msomaji anataka kuungana na mwenye bidii.

Hatua ya 4: Fedha zipite kwa wenyewe, hadithi ibaki kwako

Kuna majukwaa ya michango yaliyo tayari, kama GoFundMe iliyoanza mwaka 2010. Kuna pia kujitengenezea tovuti yako. Watu hubishana sana hapa, lakini naona jibu zuri ni mchanganyiko: malipo yashughulikiwe na huduma inayotambulika, na maelezo, ripoti na picha zikae kwenye tovuti yako yenye jina lake la kikoa, yaani anwani yake yenyewe ya mtandaoni. Jukwaa likibadili masharti au likifunga, historia ya mradi haipotei nalo.

Jambo moja halina mjadala: namba ya kadi ya mchangiaji isipite kwenye seva yako, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti. Sekta ya kadi za malipo ina kanuni zake za usalama, PCI DSS, na zinakataza hata kuhifadhi ile namba fupi ya uthibitisho ya nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa. Kuzitimiza zote peke yako ni kazi ya kampuni nzima. Tumia ukurasa wa malipo unaoendeshwa na mtoa huduma: mchangiaji akibonyeza kitufe anahamia kwao, analipa, anarudi kwako kwenye ukurasa wa shukrani. Malipo kwa simu nayo yafuate njia rasmi ya mtoa huduma, kwa jina la mradi, wala si namba ya mtu binafsi.

Tovuti yenyewe iwe nyepesi. Kurasa nne au tano za HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa na kuzipamba, bila hifadhidata, zinatosha kabisa. Kila programu-jalizi, yaani kiprogramu cha nyongeza, unayoongeza ni mlango mwingine wa kulinda, na mchango wa miezi michache hauna mlinzi wa kudumu.

Hatua ya 5: Ukurasa mkuu

Hapa ndipo wabunifu tunapopapenda, na hapa ndipo tunapoharibu. Panga ukurasa kwa kufuata mashaka ya anayesoma. Yanakuja hivi: hiki ni nini? Ni kwa ajili ya nani? Ninyi ni akina nani? Fedha yangu itafanya nini hasa? Nitajuaje kwamba imefanya?

Sentensi ya kwanza ijibu mawili ya mwanzo: "Tunanunua vitabu vya maktaba ya shule ya msingi yenye wanafunzi wasio na vitabu vya kusoma nyumbani, tunafunga mchango mwisho wa mwezi." Chini yake kitufe. Kisha mchanganuo wa hatua ya 2, kisha majina na nafasi za wanaohusika, kisha zile sentensi tatu za fedha zikizidi, zikipungua na mradi ukikwama. Kitufe kirudiwe baada ya mchanganuo, maana wengi hufanya uamuzi hapo. Maneno yake yawe kitendo kamili, "Changia vitabu", badala ya "Bonyeza hapa".

Tengeneza kwa ajili ya simu kwanza, kompyuta baadaye. Tangu Ethan Marcotte aandike mwaka 2010 kuhusu muundo unaojirekebisha kulingana na upana wa skrini, hakuna kisingizio cha ukurasa wa kubanwa na kuvutwa kwa vidole. Weka kwenye kichwa cha HTML alama ya "viewport", inayoiambia simu ipange ukurasa kwa upana wa skrini yake, panga vitu katika safu moja, na ongeza safu ya pili pale tu skrini inaporuhusu.

Picha ndizo huupa ukurasa uzito kuliko kitu chochote. Zipunguze ziwe na upana unaohitajika kweli, uzihifadhi kwa aina ya faili ya WebP au JPEG iliyobanwa, na uandike upana na urefu wake kwenye HTML ili maandishi yasirukeruke picha zinapofika. Mtu akitaka kubonyeza "Changia" na ukurasa ukaruka, ameshabonyeza kitu kingine. Kipimo kinachotumiwa na Google kinataka kitu kikubwa zaidi cha skrini ya kwanza kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Tumia fonti zilizomo kwenye simu ya msomaji. Fonti ya kupakua ni pambo ambalo mwenye bando dogo analilipia.

Rangi zina hesabu yake. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na wabunifu, hushindwa mtihani huo mara nyingi. Toleo hilo linataka pia vitu vya kubonyeza viwe na angalau pikseli 24 kwa 24. Kwa kitufe cha kuchangia fanya karibu mara mbili yake. Kila picha yenye maana iwe na maelezo kwenye sifa ya "alt", na alama ya kwanza ya HTML ibebe lang="sw" ili programu inayomsomea asiyeona isitamke Kiswahili kama lugha nyingine.

Mstari wa maendeleo, ule unaojaa kadiri michango inavyoingia, uwe na tarakimu kando yake na tarehe ya kusasishwa. Rangi peke yake haimwambii kitu asiyeona, na mstari usio na tarehe humfanya anayeona ashuku kwamba umesahaulika.

Fomu iwe fupi kadiri inavyowezekana. Kama malipo yanafanyika kwa mtoa huduma, huenda huhitaji fomu kabisa. Ukiihitaji, kila kisanduku kiwe na jina lake juu, lisiwe yale maandishi hafifu ya ndani yanayotoweka mtu akianza kuandika. Herufi za visanduku ziwe pikseli 16 au zaidi, la sivyo Safari ya iPhone itavuta ukurasa kila mtu anapogusa kisanduku. Toa viwango vitatu au vinne vya kuchagua na nafasi ya kuandika kiasi chake mwenyewe. Mchango wa kila mwezi usichaguliwe kimyakimya kwa niaba yake. Na zile saa bandia zinazohesabu kurudi nyuma, "zimebaki dakika 12", waachie wauza viatu.

Hatua ya 6: Funga milango

HTTPS, njia inayofumba mawasiliano kati ya msomaji na tovuti yasisomwe na wengine, ni lazima. Shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti vya HTTPS bila malipo tangu 2015, na vyeti vyake vimezoeleka kudumu siku 90 tu, kwa hiyo hakikisha seva inavihuisha yenyewe. Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti tatu: ya jina la kikoa, ya barua pepe ya mradi, na ya malipo. Anayeiteka barua pepe ana funguo za nyingine mbili.

Hatari ambayo wengi hawaijui ni wezi wa kadi. Mwizi mwenye orodha ya namba za kadi zilizoibwa hutafuta mahali pa kuzijaribu, na ukurasa wa hisani unaokubali kiasi chochote ni mahali pazuri kwake: anatuma vimchango vidogo mfululizo aone kadi ipi bado inafanya kazi. Ukiona miamala mingi midogo kwa dakika chache, mingi ikiwa imekataliwa, usishangilie umaarufu. Simamisha malipo, mjulishe mtoa huduma, rudisha fedha zilizokwisha kupita. Kinga yake ni kiwango cha chini kilicho na akili, kikomo cha majaribio, na kichujio cha roboti kabla ya kitufe cha mwisho.

Kuhusu taarifa za wachangiaji, kusanya zile tu utakazozitumia. Mtu akitaka jina lake lisionekane, lisionekane popote, hata kwenye picha ya skrini utakayotuma kwenye kundi.

Hatua ya 7: Changia mwenyewe

Kabla ya kutangaza, toa mchango halisi kwa simu ya bei ndogo kwenye mtandao wa polepole. Fuata fedha mpaka ufike mwisho: je, ukurasa wa shukrani umetokea, risiti imekuja au imeingia kwenye barua taka, akaunti imepokea kiasi gani baada ya makato, na kwa jina gani? Jina linaloonekana kwenye taarifa ya benki ya mchangiaji likiwa geni kwake, atadhani ameibiwa na kudai arudishiwe. Jaribu na kurudisha fedha pia. Kisha mkabidhi simu mtu asiyeujua mradi, mwombe achangie, na ufunge mdomo. Pale anaposita, parekebishe.

Tuma kiungo kwako mwenyewe kwenye WhatsApp uone kinavyojitokeza. Kichwa na picha vinavyoonekana pale hutoka kwenye alama za Open Graph, zinazoieleza mitandao ya kijamii kuhusu ukurasa, ndani ya HTML; picha ya pikseli 1,200 kwa 630 hukaa vizuri kwenye mitandao mingi. Watu wengi wataiona picha hiyo na hawataufungua ukurasa wenyewe, basi ibebe jambo zima.

Hatua ya 8: Tangaza, shukuru, endelea kuhesabu

Usizindue mstari ukiwa sifuri. Waombe watu wa karibu wachangie siku moja kabla. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza kwenye chumba kitupu. Kisha andikia watu mmoja mmoja kwa majina yao. Ujumbe uliotupwa kwenye makundi yote kwa pamoja kila mmoja huona unamhusu mwingine.

Mchango mdogo upewe heshima ileile. Mwaka 1885 fedha za kujenga jukwaa la kusimamishia Sanamu ya Uhuru ya New York zilipokwama, mchapishaji Joseph Pulitzer aliahidi kwenye gazeti lake, New York World, kuchapisha jina la kila atakayechangia hata kama ametoa senti. Kwa takribani miezi mitano zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya laki moja, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Ukurasa wa majina kwenye tovuti yako, kwa waliokubali, haukugharimu kitu. Yapange kwa tarehe, usiyapange kwa ukubwa wa kiasi.

Shukrani iende siku hiyohiyo, fupi, bila ombi jipya ndani yake. Habari za maendeleo zitoke kwa ratiba uliyoitangaza, hata wiki ambayo hakuna jipya. "Rafu zimechelewa, fundi ameahidi Alhamisi" ni habari tosha.

Hatua ya 9: Fungua ule waraka wa kwanza

Mchango ukifungwa, ondoa kitufe mara moja. Ukurasa unaoendelea kupokea fedha za jambo lililokwisha ni kesi inayosubiri. Rudi kwenye ripoti uliyoiandika mwanzo, ujaze mapengo, uambatishe stakabadhi ukiwa umefuta namba za akaunti na simu za watu. Palipotofautiana na ahadi, weka safu mbili, "tulivyosema" na "ilivyokuwa", na sababu kando yake. Mwenzako wa hatua ya kwanza asome na kutia jina lake kabla haijapanda.

Ripoti ichukue nafasi ya ukurasa mkuu, kwa anwani ileile, ili viungo vyote vilivyosambazwa viishie hapo. Endelea kulipia jina la kikoa kwa miaka kadhaa baada ya mradi kwisha. Majina yaliyoachwa hununuliwa na matapeli, na tapeli akiipata anwani ambayo watu wameshaiamini, kazi yake ni kurudisha tu kitufe ulichokiondoa.